Namna Nilivyomkalisha Mtajiju

Jumatatu, 2 Desemba

Leo nimeanza shajara. Sababu: watu wakubwa huandika mambo yao kabla hawajawa wakubwa, na mimi nimebakiza siku kumi na mbili tu.

Kuna tangazo kwenye ofisi ya kijiji. Kampuni ya ulinzi inaitwa Jicho Kali, iko pale Kakola, inataka mtu wa kulinda mtambo wa kuchenjulia dhahabu akiwa na mbwa. Aje na mbwa wake mwenyewe. Mbwa atembee kushoto kwa bwana wake bila kuvuta kamba. Bwana akisimama, mbwa akae. Majaribio ni Jumamosi ya tarehe 14. Kuna sare, kuna buti, kuna kofia ile ya kulalia upande. Kofia! Kichwa changu kinaisubiri kofia ile tangu nizaliwe.

Tangazo alinisomea Limi, mdogo wangu. Si kwamba sijui kusoma. Mimi shule niliacha kidato cha pili kwa hiari yangu, na walimu waliniunga mkono wote. Ila maandishi yalikuwa madogo. Limi ana cheti cha kidato cha nne na anauza maandazi njia panda, kwa hiyo muda wa vitu vidogo anao. Alipomaliza kusoma akauliza kama kuna mahali wameandika lazima awe mwanaume. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Nikamwambia mafuta yake yanaungua.

Mjomba Eliya, kaka yake Mama, ndiye mwenye mji wetu. Aliposikia akasema sawa, ngosha, mwanaume wetu, jaribu. Nikipata kazi, niende na baraka. Nikikosa, naingia kwenye jembe la ng'ombe mpaka mvua ziishe, na hataki tena kusikia habari za mgongo wangu. Mgongo wangu huanza kuuma mvua ya kwanza na hupona siku ya mwisho ya palizi. Madaktari wangeshangaa.

Mbwa ninaye. Anaitwa Mtajiju. Jina alipewa na Mama mwaka ule aliogombana na majirani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Kila akimwita mbwa, ujumbe kwamba mtajua wenyewe unawafika wahusika. Ni mbwa wa kuchunga, rangi ya vumbi, sikio moja limesimama, jingine limekata tamaa. Kamba hajawahi kuvaa.

Siku kumi na mbili zinatosha. Pikipiki nilijifunza kwa siku moja. Ajali ilikuwa siku ya pili.

Jumanne, 3 Desemba

Somo la kwanza. Kamba nimechukua ya kufungia ndama. Mkanda wa shingoni nimeutoa kwenye suruali yangu. Hapo palikuwa na kosa dogo.

Nikamweka Mtajiju kushoto, nikasema twende. Akaenda. Alinipeleka kwa jirani, Mama Eunice, akanipeleka katikati ya kuku, akanipeleka kwenye foleni ya bomba. Mkono mmoja umeshika kamba, mmoja umeshika suruali. Akina mama wa bombani wakaulizana ni nani anamfundisha mwenzake. Mmoja akasema mfupi anaonekana ameshaelewa, bado yule mrefu. Sikujibu. Ningejibu kwa vitendo, ningeachia suruali.

Mchana: kukaa. Nikafikiri, mbwa hajui kukaa ni nini, aonyeshwe. Nikasema kaa, nikakaa. Nikasimama. Nikasema kaa, nikakaa. Mtajiju alinitazama kwa makini kama mkaguzi wa elimu. Mara ya kumi na nne Mama akatokea, akanikuta nimekaa kwenye tope namfokea mbwa aliyesimama. Hakuniuliza mimi. Alikwenda kumuuliza Limi nimekula nini.

Matokeo ya leo: mimi, mara kumi na nne. Mbwa, bado. Lakini ameona.

Alhamisi, 5 Desemba

Habari mbaya. Valerian naye anaenda kwenye majaribio. Valerian ni bodaboda wa njia panda, anapaka mafuta nywele mpaka inzi wanateleza. Ana mbwa mwenye damu ya Kizungu aliyemtoa Mwanza, anamwita Jenerali. Leo kanipita na pikipiki, Jenerali kakaa juu ya tangi, kifua mbele, kama anaenda kuapishwa. Valerian kasema kaa, na mbwa akazidi kukaa. Kisha akamtazama Mtajiju, akauliza kama yule ni mbwa au ni kitu nilichookota barabarani kikanifuata.

Nilimwambia tutaonana tarehe 14. Akasema hatanisubiri, maana nitakuwa kwenye jembe nimeinama, akinipita hatanitambua.

Nilirudi na hasira, nikamvuta Mtajiju mpaka zizini. Yeye akanivuta mpaka jikoni. Tumetoka sare.

Halafu hujuma za nyumbani. Limi amemaliza nusu ya dagaa wetu. Nimegundua kila alfajiri akienda bombani anamchukua Mtajiju na kumpa dagaa njiani, mmoja, wanatembea, mmoja, anatua ndoo, mmoja. Anapoteza mboga ya familia! Na hata kamba hajui kushika. Inaning'inia tu, imelegea, mbwa yuko pale kushoto kwake anatembea kama mgonjwa. Nilimkemea. Nilimwambia kamba isipokazwa mbwa atajuaje kwamba yuko shuleni. Akasema asante kaka, nimesikia. Angalau ana adabu.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimepata siri!!

Mvua imenyesha vizuri, Mjomba ameanza kulima. Nilikwenda shambani kuangalia tu, kwa sababu ya mgongo. Alikuwa anamfundisha kazi dume mchanga anayeitwa Mgeni. Hakumfundisha yeye mwenyewe. Alimfunga nira moja na Diwani. Diwani ni maksai wetu mzee, kapewa jina hilo kwa tumbo lake na kwa mwendo wake wa kutokuwa na haraka na jambo la mtu. Diwani anaenda, Mgeni apende asipende anaenda. Diwani anasimama, Mgeni anasimama. Mizunguko minne, Mgeni akawa mtu mzima.

Nikamuuliza Mjomba ndiyo njia yenyewe? Akasema ndiyo, baba yake alifanya hivyo na babu yake alifanya hivyo, unamfunga asiyejua na anayejua, wewe unashika kamba na kunyamaza. Halafu akaniuliza mgongo vipi. Nikaondoka.

Kama Diwani amemfundisha Mgeni kwa asubuhi moja, na Mgeni ana kichwa kigumu kama kinu, mbwa atachukua muda gani? Wazungu wana vitabu vya mbwa. Wana Diwani? Hawana.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Mjomba amekwenda kijiji cha pili kuangalia ngoma. Nikamtoa Diwani zizini, nikamfunga Mtajiju kwenye shingo yake, upande wa kushoto, kamba fupi. Nikasema twende, nikanyamaza kama Mjomba alivyoelekeza.

Jambo moja sikulifikiria. Mtajiju maisha yake yote kazi yake kwa ng'ombe ni moja: kuwauma miguu ya nyuma waende. Akaifanya. Diwani, ambaye tangu nimjue hajawahi kukimbia hata wakati wa radi, alikimbia. Mbwa yuko shingoni kwake, kwa hiyo kila Diwani akimkimbia mbwa anaondoka naye. Mimi nimeshika kamba, nimenyamaza.

Tulipita kwenye karanga za Mama Eunice. Tulipita mara mbili, maana Diwani alisahau kitu. Mama Eunice alitoka na mwiko mkononi, akasimama, akapiga kelele: "Na ninyi mtajiju!" Miaka sita Mama alikuwa anasubiri jibu la ujumbe wake. Leo limekuja.

Mama amenituma nikaombe radhi. Nikaenda, nikasema shikamoo mara tatu. Mama Eunice aliitikia ya tatu. Nimepanda upya mistari mitano ya karanga. Mgongo haukuuma, ila nilikunja uso ili wasizoee.

Pamoja na hayo: mbwa alikaa kushoto njia nzima. Kamba ilikuwa fupi, kweli. Lakini alikuwa kushoto.

Jumatano, 11 Desemba

USHINDI.

Jioni, Mjomba amelala baada ya jembe, nikawatoa tena. Safari hii nilimfunga Mtajiju mdomo kwa kitambaa. Njia ya bombani. Diwani mbele, Mtajiju kushoto kwake, kamba imelegea kabisa! Limi alikuwa anakwenda kuchota maji, akawa anatembea nasi, kushoto huko huko, ananiharibia mandhari. Nilimwambia akae mbali, asimchanganye mwanafunzi. Akasema yeye anakwenda bombani tu, kaka.

Kufika kwenye mti wa mkwaju Diwani akasimama kucheua. Limi naye akatua ndoo. Na Mtajiju, jamani, Mtajiju akakaa. Makalio chini, kifua juu, kama Jenerali ila bila pikipiki. Nilirukaruka. Tukaenda tena, Diwani akasimama, Limi akatua ndoo, Mtajiju akakaa. Mara tano! Limi akafungua kitambaa, akampa dagaa. Nikamwambia aache kumdekeza, kazi imefanywa na ng'ombe, dagaa ampe Diwani. Akampa. Diwani akalamba, akatema.

Nilijaribu mara moja bila Diwani, Limi akiwa ameshaondoka. Mtajiju alinipeleka kwenye karanga za Mama Eunice. Kwa hiyo nina ushahidi: siri ni ng'ombe.

Ijumaa, 13 Desemba

Mpango umekamilika. Kesho Mjomba anaondoka mapema kwenda mnadani, atarudi jioni. Diwani anakuja nami Kakola. Tangazo limesema mtu aje na mbwa wake. Halijasema asije na ng'ombe. Nimemwomba Limi alisome tena polepole. Halijasema.

Limi akaomba kuja. Anasema angependa kuona tu. Nikamwambia pale ni mahali pa watu wa ulinzi, si pa kushangaa. Tena nani atakaanga maandazi? Akamkuna Mtajiju sikio lile lililokata tamaa. Akaniuliza nikikosa itakuwaje. Nikamwambia neno hilo halimo kwenye shajara yangu. (Nimeangalia nyuma, limo mara moja. Lakini aliyelisema ni Mjomba.)

Nimefua shati. Nimejaribu kofia ya Mama ya kanisani kwa kulaza upande. Inanifaa hatari.

Jumamosi, 14 Desemba

Naandika yote kama yalivyotokea, wasije watu wakapotosha.

Tulitoka alfajiri, mimi, Mtajiju na Diwani. Saa tatu tuko getini. Mlinzi wa getini aliangalia mbwa, akaangalia ng'ombe, akauliza ng'ombe naye anaomba kazi. Nikamwambia huyo ni mwalimu. Akaita mwenzake aje asikie mwenyewe.

Msimamizi ni mama mmoja wa Tarime, Afande Bhoke. Mfupi, mkono nyuma, anakutazama unakumbuka makosa ya utotoni. Nikasema shikamoo afande. Akasema marahaba, huyo ng'ombe ni wa nini? Nikamweleza mbinu yangu kuanzia nira mpaka mkwaju. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema katika miaka ishirini ya kazi hii hajawahi kusikia jambo kama hilo. Nikamshukuru.

Valerian alianza. Jenerali alishuka kwenye pikipiki na kutembea vizuri, nakiri. Afande akasema simama, mkalishe. Valerian akasema kaa. Jenerali akazungusha kichwa, akaiona pikipiki ya Afande chini ya mwembe, akakimbia, akapanda kwenye tangi, akakaa. Vizuri kabisa. Valerian akamshusha, akasema kaa. Akarudi kwenye tangi. Mbwa yule anajua kukaa mahali pamoja tu duniani! Afande akasema kampuni inalinda kwa miguu. Nilicheka kwa sauti. Valerian akasema nisubiri na ng'ombe wangu.

Zamu yangu. Kutoka getini mpaka kwenye tangi la maji na kurudi. Diwani katikati, Mtajiju kushoto kwake, mimi kulia nimenyamaza. Tulikwenda kama maandamano ya kanisani. Kwenye tangi Diwani akasimama, akanywa maji ya ndoo ya mtu, na Mtajiju, sitasema alikaa, aliinama kama anafikiria kukaa. Kisha akaanza kutazama getini kama mtu anayemsubiri mwenzake.

Afande akasema vizuri, sasa mwondoe ng'ombe.

Hapo nililalamika. Nikasema afande, humwondoi mwalimu mtihani haujaisha. Akasema ndivyo mitihani ilivyo. Nilipofikiria, hata mimi nilikwama hapo hapo shuleni.

Diwani akafungwa kwenye nguzo. Nikasema twende. Mtajiju akalala chali. Nikamvuta. Akainuka, akanizungusha tangi mara mbili kwa kamba, nikabaki nimefungwa mimi. Nikasema kaa. Kwa mazoea, nikakaa. Watu walicheka mpaka mlinzi wa getini akaacha geti wazi.

Na kwenye geti lililo wazi akaingia Limi, anahema, ndala mkononi. Mnada umeahirishwa kwa mvua, Mjomba amerudi nyumbani, ameona nira haina mtu, anauliza ng'ombe wake yuko wapi kwa sauti inayofika mgodini Bulyanhulu. Hakumaliza kusema. Mtajiju alizunguka tangi kinyume, akachomoa kamba mkononi mwangu, akamfuata Limi, akajipanga kushoto kwake. Limi akashtuka, akasimama. Mtajiju akakaa.

Afande Bhoke akamwambia Limi atembee mpaka kwenye tangi. Limi akatembea. Kamba inaburuzika chini, hakuna anayeishika! Kusimama, kukaa. Kugeuka, kushoto. Pikipiki ya Valerian ikapigwa honi makusudi, mbwa hata sikio halikutikisika, hata lile zima. Limi akatoa dagaa mmoja mfukoni.

Afande akamuuliza mbwa huyu amefundishwa na nani. Nikainua mkono. Afande akasema hajamuuliza mtu aliyefungwa na mbwa. Limi akaniangalia, akainamisha kichwa, akasema ni yeye, kila alfajiri wakienda kuchota maji, tangu siku alipolisoma tangazo. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo lakini wote walisikia, kama tangazo lilisema lazima awe mwanaume.

Afande akasema tangazo aliliandika yeye mwenyewe kwa mkono wake, na halikusema.

Jumapili, 15 Desemba

Limi anaanza kazi kesho. Kofia wamempa jana ile ile. Nimeijaribu akiwa anaoga. Inanibana, kwa hiyo hata hivyo nisingeichukua.

Mama amelia kwa furaha, ametoka nje akamwita mbwa kwa sauti kubwa mara nane bila shida yoyote naye. Mama Eunice kaja kupongeza. Alimletea Limi karanga. Mimi alinionyesha tu.

Nimefanya uchambuzi. Wanasema Limi ndiye aliyefundisha. Sawa, alitembea tembea na dagaa. Lakini mafunzo ya Diwani yalikuwa yanaiva ndani polepole, yakalipuka Limi alipokuwa jirani. Ni bahati yake ya kusimama hapo. Nimemweleza Mjomba. Alisikiliza huku anamkagua Diwani kwato, maana barabara ya kokoto imemchubua, hawezi jembe wiki hii. Akasema kwa hiyo Mgeni hana mwenzake wa kumwongoza. Kisha akanitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyo lazima.

Nikamkumbusha mgongo. Akasema yeye atautazama mwenyewe, kwa ukaribu, kuanzia kesho saa kumi na moja.

Alhamisi, 19 Desemba

Siku ya nne kwenye jembe. Kazi yangu ni kutembea ubavuni mwa Mgeni, upande wa kushoto, nimeshika kamba ya shingo yake. Ncha ya pili ya kamba Mjomba kanifunga kiunoni, eti nisije nikaenda chooni nikasahau njia ya kurudi, kama Jumatatu. Akipiga mluzi mmoja tunaenda. Miwili tunasimama.

Jumatatu na Jumanne nilisumbua, nakiri. Nilivutana naye. Nilijilaza kwenye matuta.

Lakini jana nikagundua jambo! Kila nikisimama vizuri mluzi wa pili, Mjomba anatia mkono mfukoni na kunipa kipande cha kiazi kikavu, matobolwa, yale matamu ya Mama. Nikienda bila kuvuta kamba, kipande. Nikijilaza, hakuna. Nimejaribu mara nyingi, haikosei. Leo nimekula vipande ishirini na moja.

Leo mchana Limi alipita akienda lindoni, buti zinang'aa, kofia imelala upande, Mtajiju kushoto. Alisimama pembeni ya shamba akatutazama. Mtajiju akakaa, naye akatutazama. Limi akamwambia Mjomba anakwenda vizuri sana, ila kamba ailegeze kidogo, na vipande awe anavipunguza taratibu. Mjomba akasema amemsikia. Sijui tangu lini Limi anajua habari za kulima, na Mgeni hali hata matobolwa. Kazi imeanza kumpanda kichwani.

Mimi nilitabasamu tu. Wao wanahangaika na mbwa na ng'ombe. Hakuna hata mmoja aliyeona nilichokifanya. Mtu mzima wa miaka hamsini na nane, mkaidi, asiyesikia la mtu, mimi nimemfundisha kwa siku nne. Nasimama tu hivi, na mkono wake wenyewe unakwenda mfukoni.

Kesho naanza kumfundisha kutoa viwili viwili.